Umeyauza Bei Gani?

Hotuba niliyoitoa Dar es Salaam mbele ya waandishi na wasanifu chipukizi wa matangazo. Nimeiandika upya kutoka kwenye karatasi zangu, na yale niliyoyachomekea palepale nimeyaacha yalivyo.

Habari za asubuhi. Naona kule nyuma kuna watu wamefungua kompyuta. Sina ugomvi nao. Leo ni Jumamosi, na najua kuna mtu kawatumia ujumbe saa moja asubuhi: "marekebisho madogo tu". Malizeni, tupo. Mimi mwenyewe nimewahi kusahihisha maneno ya bango nikiwa harusini, suti mwilini, ua mfukoni, na bwana harusi alikuwa mimi.

Nimo kwenye kazi hii mwaka wa kumi na tisa. Nimeandikia sabuni, unga, vocha za simu, benki, rangi za nyumba, na dawa moja ya mbu ambayo mbu wa kwetu Tanga waliidharau wazi wazi. Waandaaji wameniomba niseme namna ya kufanya kazi hii bila kuishiwa nguvu na mawazo. Kwa Kiingereza hali hiyo inaitwa "burnout", inafananishwa na kuungua. Sisi ofisini hatusemi tumeungua. Tunasema "nimekauka", neno lile lile tunalolitumia tarehe 20 mshahara ukiwa umekwisha. Mimi naona neno letu limeukaribia ukweli zaidi. Nyumba ikiungua majirani wanakuja na ndoo. Mtu akikauka hakuna anayeona moshi. Anaingia ofisini saa mbili na nusu, anasalimia, anafungua kompyuta, na anatoa kazi inayopita. Inapita tu.

Tuelewane kwanza kwamba sizungumzii kuchoka. Aliyechoka ukimpa wiki moja Pangani, siku ya nne anaanza kukusumbua kwa simu, ana wazo. Aliyekauka ukimpa wiki hiyo hiyo anarudi na rangi ya jua na risiti za hoteli.

Nitawaambia siku niliyojua kwamba mimi nimekauka.

Bibi yangu mzaa mama alifariki Tanga. Nilisafiri usiku, nikafika alfajiri, nikakaa nje chini ya turubai na wanaume wenzangu. Baadaye nikaitwa ndani nimwone mama. Nikampita mama mdogo mlangoni. Alikuwa amekaa chini, ana furushi la kanga za marehemu mapajani, anazikunja moja moja, anamwambia jirani jambo. Sentensi moja fupi, kuhusu mama yake na ule mkeka aliokuwa akiukalia. Nywele zilinisimama. Kisha mkono wangu ukaenda mfukoni, ukatoa simu, ukaiandika ile sentensi yote, na neno la Kimtang'ata, Kiswahili cha pwani ya kwetu Tanga, lililokuwa ndani yake.

Sikuiandika kama mjukuu. Niliiandika kwa sababu mezani kwangu kulikuwa na brifu, yale maelekezo ya mteja, ya bima ya maisha, na Alhamisi ilikuwa siku ya kuwasilisha. Bibi alikuwa bado hajazikwa.

Alhamisi niliiwasilisha. Chumba kilinyamaza, mwanamke mmoja wa upande wa mteja akafuta macho, kazi ikapita. Halafu zikaanza safari zake, mnazijua. Mtu wa sheria akatoa neno moja kwa sababu lilionekana kama ahadi. Mtu wa masoko akataka jina la bidhaa liingie katikati, si mwisho. Neno la Kimtang'ata likaondolewa, "watu wa Bara hawatalielewa". Mkeka ukawa kochi, kwa kuwa mkeka unaonyesha umaskini. Faili la mwisho liliitwa REDIO_MWISHO_KWELI_7. Likaenda hewani.

Wiki ya pili mama mdogo akanipigia. Huwa anaanza na salamu ndefu, anauliza mpaka kuku. Siku hiyo hakusalimia. Alisema, "Nimeyasikia maneno yangu redioni. Yale ya siku ya mama. Umeyauza bei gani?"

Nikaduwaa. Nikamwambia ukweli: "Mama, hata senti. Mimi nalipwa mshahara tu."

Akasema, "Basi umeyatoa bure." Akakata.

Nilikaa kwenye ngazi za ofisi nikaanza kuhesabu vitu vingine nilivyokwisha kuvitoa. Tusi la utani la baba yangu lilikuwa kwenye tangazo la betri. Maneno niliyomtongozea mke wangu yalikuwa kwenye ofa ya vocha, tena usiku kucha kwa shilingi mia tano. Mwanangu alipokuwa anajifunza kusema alikuwa anaita maziwa "maliwa", na hilo nalo lilikwenda kwenye maziwa, na mtoto wa kuigiza aliyelisema alilipwa kuliko mimi. Nyumbani kwangu hapakuwa na kitu hata kimoja ambacho hakikuwahi kupitishwa na mteja. Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho niliposikia jambo zuri nikalisikia tu, bila kulipima kama linatosha sekunde 30. Sikuikumbuka.

Sasa, msinielewe vibaya. Tangazo zuri linakula maisha, na likose hayo lile nini? Wale wanaoandika bila kugusa maisha yao ndio wanaotuletea "Onja tofauti". Tofauti inaonjwaje? Ninachosema ni kwamba mkulima hapiki mbegu zote. Mimi nilizipika zote, nikashangaa msimu umefika na shamba ni jeupe.

Wataalamu wana vipimo vyao. Daktari wa saikolojia Herbert Freudenberger wa New York aliandika juu ya hali hii mwaka 1974, baada ya kuwaona watu waliojitolea kwenye kliniki ya bure, watu waliopenda kazi yao mno, wakiishiwa mmoja baada ya mwingine, na yeye mwenyewe akiwemo. Hapo pana jambo kwetu: wa kwanza kuonekana wakiishiwa walikuwa wapenzi wa kazi, si wavivu. Shirika la Afya Duniani nalo liliiweka hali hii kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika mwaka 2022, likasema ni jambo la kazini, si ugonjwa kwa jina lake. Likataja alama tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi au kuikejeli, na kuona huna unalolifanikisha.

Ile ya kwanza kila mtu anaijua. Ile ya pili ndiyo inayotudanganya sisi watu wa matangazo, kwa sababu kwetu kejeli inafanana na kipaji. Mtu anayemcheka mteja, anayeicheka bidhaa, anayemcheka hata msikilizaji, sisi tunamwona mkali. Tunampandisha cheo. Nilipokuwa mkurugenzi wa ubunifu nilikuwa nawaambia vijana, "Hii ni nzuri mno, niandikieni kitu cha Mbagala." Chumba kizima kinacheka. Jioni mimi huyo napanda gari naenda nyumbani, Mbagala. Siku nilipogundua kwamba nimekuwa nikiwadharau majirani zangu, watu wale wale ambao manunuzi yao ndiyo mkate wangu, nilijua ule haukuwa ukali. Ilikuwa ni alama namba mbili.

Lakini nisije nikawafanya muamini kwamba hili ni jambo la mtu na roho yake, kwamba ukitafakari na kunywa maji ya kutosha utapona. Tasnia yetu ina kaburi, na nataka mlijue.

Japani kuna kampuni kubwa ya matangazo inaitwa Dentsu, miongoni mwa kubwa duniani. Mwaka 1951 aliyekuwa rais wake aliwaandikia wafanyakazi kanuni kumi, na zikaishi kwenye vitabu vyao vya kazini kwa miongo mingi. Moja inasema, kwa maana yake, ukishaishika kazi usiiachie hata ukiuawa. Mwaka 1991 kijana wa pale wa miaka 24 alijiua baada ya miezi ya kufanya kazi karibu bila kulala. Familia ikaenda mahakamani, kesi ikafika mahakama ya juu kabisa ya nchi, na mwaka 2000 ikaamuliwa kwamba mwajiri anabeba dhamana. Ungedhani wamejifunza. Aprili 2015 aliajiriwa binti anaitwa Matsuri Takahashi, ametoka Chuo Kikuu cha Tokyo, akapangiwa matangazo ya intaneti. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo alijitoa uhai. Alikuwa na miaka 24. Serikali ilipochunguza ilikuta saa zake za ziada zilipita 100 kwa mwezi mmoja, na mwaka 2016 ikatamka kwamba kifo chake kilitokana na kazi. Wajapani wana neno la kifo cha kazi, karoshi. Lugha ikifikia kulitungia jambo neno lake, ujue limetokea sana.

Dentsu wakaanza kuzima taa za ofisi saa nne usiku. Rais wa kampuni akatangaza kujiuzulu. Mwaka 2017 mahakama ikaipiga kampuni faini ya yeni 500,000, pesa ambazo kwa kampuni ile hazifiki gharama ya siku moja ya kupiga picha za tangazo. Zile kanuni kumi zikaondolewa kwenye kitabu.

Kila ninaposoma habari ile najikuta nafikiria zile taa. Saa nne usiku. Yaani hiyo ndiyo iliyokuwa nafuu.

Na sisi je? Hapa kwetu kuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mikono juu waliowahi kuisoma. Wawili. Haya, sikilizeni. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Saa za ziada ni kwa makubaliano, zisipite 50 katika wiki nne, na kila moja inalipwa mara moja na nusu. Ukifanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, kuna nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Likizo ya mwaka ni siku 28. Nasikia mnacheka. Mimi pia nilicheka nilipoisoma, nikiwa na miaka kumi na moja kazini, na nikaona aibu kwamba ninacheka. Tumeandikia watu matangazo ya kuwaambia "jua haki zako", tukarudi mezani kula chipsi saa tano usiku.

Najua mtaniambia nini. Wenye vyeo vya juu vya usimamizi, kile kipengele cha saa hakiwahusu. Wanaojitegemea, wale wa kulipwa kwa kazi, hawana mwajiri wa kumdai. Na wengi wenu hapa mnatoka ofisini mnaenda nyumbani kuanza vibarua vya usiku, nembo ya saluni, kadi ya mchango, bango la mtumishi wa Mungu, elfu hamsini hapa elfu thelathini pale, kwa sababu kodi ya nyumba haisubiri msukumo wa sanaa. Sitawaambia muache. Sina elfu hamsini ya kuwapa badala yake. Kuna msanifu mashuhuri wa New York, Stefan Sagmeister, ambaye kila baada ya miaka saba hufunga studio yake mwaka mzima asipokee mteja; mara moja alikwenda kukaa Bali. Kazi zake zinathibitisha kwamba inafaa. Mwenye nyumba wangu hajathibitisha.

Kuna uchovu mmoja ambao wenzetu wa New York hawaujui, na nataka nikae hapo kidogo kwa sababu nadhani ndio unaotukausha sisi tunaoandika Kiswahili. Ni uchovu wa kuwa mfasiri wa mzaha wa mtu mwingine.

Mnaujua mchezo. Wazo limetungwa Johannesburg au Nairobi au mbali zaidi, limepitishwa kwa Kiingereza, limepigwa picha, muziki umenunuliwa. Kisha linakuja kwako Ijumaa saa kumi: "Weka Kiswahili." Sentensi ya Kiingereza ina maneno matano. Wewe ukiifasiri unapata kumi na moja, sekunde 30 zinakuwa 36, na msomaji redioni anasoma kama anakimbizwa na mbwa. Unakata. Unakata tena. Kinachobaki ni "Kwa sababu unastahili zaidi". Zaidi ya nini? Mkopo? Unajua kabisa kwamba hakuna mama, hakuna kondakta, hakuna mwalimu aliyewahi kuisema sentensi ile tangu bahari iumbwe, na bado unaituma, kwa sababu aliye juu yako anailinganisha neno kwa neno na ya Kiingereza na anaona imekamilika.

Fanya hivyo miaka sita. Sikio lako linaanza kufa. Unafika mahali hata barua ya kumwombea mtoto ruhusa shuleni unaiandika kwa Kiswahili cha bango.

Niliponyoka hapo kwa bahati. Lilikuja tangazo la unga. Kwa Kiingereza mzaha ulikuwa wa vijana wawili waliopanga nyumba pamoja, mmoja anaiba chakula cha mwenzake kwenye friji, kila chombo kina karatasi ya jina. Nikakaa nalo siku mbili. Kwetu nani anaandika jina kwenye friji? Mwisho nikampigia mtu wa mteja, nikamwuliza swali ambalo ningepaswa kuuliza tangu siku ya kwanza: mnataka mtu aelewe nini? Akasema, "Kwamba unga huu unaisha haraka kwa sababu kila mtu anautaka." Nikamwambia asante, nikakata. Nikaandika jirani anayekuja kila magharibi na kikombe, "naomba kidogo tu, wa kwangu nimeusahau dukani". Siku ya kwanza kikombe cha chai. Ya pili kopo la kilo. Ya tatu kaja na beseni. Ilinichukua dakika ishirini, na nilikuwa nacheka mwenyewe pale mezani, kwa sauti. Sikuwa nimecheka mezani kwa muda mrefu sana.

Tangu hapo sipokei maneno ya kufasiri. Napokea dhamira. Nikiletewa maandishi ya Kiingereza nayasoma mara moja, nayafunika, nauliza lile swali. Mara nyingi wanakubali, kwa sababu wao wenyewe hawakuwahi kuulizwa. Wakikataa, naifanya kama kibarua cha mikono, haraka, bila kuitolea damu, na siiiti kazi ya ubunifu kwenye karatasi ya kujaza saa za kazi.

Kuhusu marekebisho nitasema moja tu, maana mambo mengine mtaelekezana wenyewe. Kinachomkausha mtu si kuambiwa badilisha. Ni kuambiwa badilisha na watu watano ambao wao kwa wao hawajakubaliana, kila mmoja na ujumbe wake wa sauti wa dakika nne, saa tofauti za usiku. Mteja akitaka kubadilisha, ateue mtu mmoja. Maoni yote yapitie kwake, yaje kwa maandishi, yaje pamoja. Iandikwe kwenye mkataba kwamba awamu za marekebisho ni mbili na ya tatu ina bei. Nimeona awamu saba zikigeuka kuwa mbili siku ile tu tulipoweka bei. Wenye ofisi mliopo hapa, hili ni lenu. Kijana wa miaka 23 hawezi kumwambia mteja mkubwa "teua mtu mmoja". Wewe ndiye unayelipwa kusema hivyo, na ukinyamaza ndiwe unayemkausha, hata ukimnunulia pizza.

Siku hizi kuna hizi mashine zinazoandika. Watu walidhani zitatupunguzia. Kilichotokea kwangu ni kwamba zamani mteja alitaka mawazo matatu, leo anataka thelathini, jioni. Lakini mtu wa kuchagua moja kati ya thelathini ni yule yule, na sikio lake ni lile lile. Basi.

Mnaniuliza najaza vipi tena. Mimi naenda Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, kwenye maduka ya kanga. Nasimama pembeni kama mume anayesubiri. Mtu anayetaka kujifunza uandishi wa matangazo kwa Kiswahili na hajasimama pale, bado hajaanza. Jina la kanga ni mstari mmoja, hauna picha ya msanii maarufu, hauna ofa, hauna jina la aliyeutunga. Pale Mombasa duka la Kaderdina, wale wa "Mali ya Abdulla", wapo kwenye biashara hii tangu 1887, na mistari mingine imevaliwa mpaka leo. Tangazo langu lililoishi muda mrefu kuliko yote liliishi miezi mitano.

Siku moja alikuja mama mmoja na binti yake. Wakachagua doti moja nzuri kweli, pindo jekundu, mji wa maua ya mkorosho. Binti akasema tuichukue. Mama akaifungua, akaishika kwa mikono miwili, akasoma jina polepole, midomo ikicheza. Akaikunja. "Hii nikiivaa wifi yangu atajua namsema yeye." Muuzaji akacheka, "Si ndiyo raha yake?" Mama akafikiri, nawaambia alifikiri kweli kweli, kisha akasema, "Mwaka huu sina nguvu za ugomvi. Nipe ya 'Wema hauozi'." Akalipa, wakaenda.

Nilikaa na jambo lile wiki nzima. Hakuna kikao cha mteja nilichowahi kuingia ambacho maneno machache yalipimwa kwa uangalifu ule: nani atayasoma, atajisikiaje, na mimi mvaaji nina nguvu za kuyabeba mwaka huu au sina. Sikuandika chochote siku ile. Ninyi ndio wa kwanza kusimuliwa, na naombeni msiende kuifanya tangazo la sabuni.

Nina daftari. La karatasi, la mistari, la shule ya msingi, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ndani yake naandika vitu visivyouzwa. Si mashairi, wala si kazi ya sanaa ya kumwonyesha mtu. Ni vitu tu. Namna konda mmoja wa Gongo la Mboto anavyohesabu chenji. Alichosema mwanangu alipoona maiti ya paka. Sheria yake ni moja: kikishaingia humo hakitoki, hata brifu iwe na njaa vipi. Nimewahi kufungua daftari lile saa sita usiku, nina wasilisho asubuhi, na jibu lilikuwa pale, ukurasa wa tatu, limekaa tayari. Nikalifunga. Asubuhi niliwasilisha kitu cha wastani, tukashindwa, wakachukua wenzetu. Bosi alinuna. Mimi nilikula mchana nikashiba.

Kwa walio hapa ambao hali imepita maneno haya, usingizi umekwisha, chakula hakipiti, au kichwa kimeanza kukuambia kwamba bora usiwepo: huo si ukame wa mawazo, usikae nao ukisubiri likizo. Mwambie mtu leo, na nenda hospitali. Muhimbili wana madaktari wa afya ya akili, na wanapokea watu wa kila kazi.

Mama mdogo alinisamehe, lakini alichukua muda wake. Mwaka mzima nilipompigia alinijibu kama anajibu benki. Mwezi wa Ramadhani uliopita nilikwenda Tanga kufuturu kwake. Kulikuwa na uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, tambi, kila kitu. Tukala kimya. Alipomaliza kuosha mikono alikaa barazani, akaniangalia, akauliza, "Umekuja kwangu au umekuja kazini?"

Nikatoa simu mfukoni nikampa. Akaigeuza geuza, akaiweka kwenye pembe ya kanga, akaipiga fundo kama anavyofunga hela zake za sokoni. Ilikuwa kubwa, fundo likawa kama nazi. Akalisogeza ubavuni, akajiegemeza ukutani, akaanza kunihadithia habari za bibi.